Ukingo Kabla ya Anguko: Historia Fupi ya Ulinzi wa Mwanadamu Katika Utafiti

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kuna agizo dogo ambalo wengi wetu hulipita haraka tunaposoma. Mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa kuweka ukingo kuzunguka dari yake, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba hiyo. Dari za Waisraeli zilikuwa bapa. Watu walianika mazao huko, walipumzika, hata wageni walilazwa huko. Mungu hakusema dari isitumike, wala hakungoja mtoto aanguke kwanza ndipo atoe amri. Ukingo ulitakiwa kuwapo siku ya kwanza, kwa ajili ya mtu ambaye mwenye nyumba hamjui bado.

Makala haya yanatumia agizo hilo kama kipimo cha kuipima historia moja: historia ya namna wanasayansi walivyowafanyia wanadamu utafiti, na namna walivyowekewa mipaka. Tunaihitaji historia hiyo sasa kwa sababu maabara za dunia zimeanza kutengeneza kitu kipya, yaani mifano ya viinitete vya binadamu. Kiinitete ni mimba ikiwa changa kabisa, katika wiki zake za mwanzo. Mifano hiyo haitokani na yai la mama wala mbegu ya baba. Inatengenezwa kwa seli shina, seli changa ambazo bado hazijapewa kazi na ambazo zaweza kugeuka kuwa ngozi, damu, mfupa au moyo.

Mkristo wa Kaniha, huku Biharamulo na Ngara, ana haki ya kuuliza: mambo ya maabara za Uingereza, Israeli na Marekani yananihusu nini mimi ninayelima mahindi na kupeleka watoto kliniki? Jibu linaanzia jirani kabisa na kwetu, kwenye ziwa lile lile tunalolitazama tukiwa Bukoba.

Visiwa vya Sese, 1906

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alifika katika visiwa vya Sese. Hakuwa mtu mdogo. Alikuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na mwaka 1905 alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel. Wagonjwa walimiminika kwake, wakiwamo watu wa Kiziba waliokuwa wameupata ugonjwa huo walipokwenda Uganda kutafuta kazi.

Koch aliwatibu kwa dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa arseniki, ambayo ni sumu. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, na hawakuona tena. Wengine wakaanza kutoroka kambini. Ng'ambo ya pili, upande wa Bukoba, serikali ya Kijerumani ilifungua kambi za wagonjwa wa malale na kuendelea na dawa ile ile.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji asilipite. Wakati Koch anafika Sese, nchini kwao ukingo ulikuwa umekwisha kujengwa. Tarehe 29 Desemba 1900 waziri wa Prussia aliwaagiza wakuu wa hospitali kwamba jaribio lisilo la tiba lisifanywe kwa mtu asiyeridhia baada ya kuelezwa madhara yake, wala lisifanywe kwa mtoto. Agizo hilo lilitolewa baada ya kashfa ya daktari mmoja wa huko aliyewadunga watu, wengi wao wanawake maskini, majimaji yatokanayo na wagonjwa wa kaswende bila kuwaambia. Basi kanuni ya kumwomba mtu ridhaa ilijulikana. Lakini haikuvuka bahari pamoja na madaktari. Hakuna aliyesimama Sese kuuliza kwa niaba ya wagonjwa ni kiasi gani cha dawa kinatosha, na ni lini jaribio likome.

Historia inatupa hapa funzo la kwanza: kanuni iliyoandikwa bila mtu wa kuisimamia ni sawa na ukingo uliochorwa kwenye karatasi.

Kutoka Nuremberg hadi kwenye kamati

Ujerumani yenyewe ilikuja kulionja jambo hilo kwa uchungu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Kinazi walifanya majaribio ya kikatili kwa wafungwa. Baada ya vita, 23 walishtakiwa mjini Nuremberg, na katika hukumu ya Agosti 1947 mahakama iliandika kanuni 10 za utafiti kwa wanadamu. Ya kwanza ni ridhaa ya hiari ya mhusika.

Hata hivyo, miaka 4 tu baadaye, mwaka 1951, madaktari wa Baltimore, Marekani, walichukua seli za uvimbe wa Henrietta Lacks, mama mweusi aliyekuwa akiugua saratani, bila kumwomba ruhusa. Alifariki mwaka ule ule. Seli zake hazikufa. Zimekuzwa katika maabara za dunia nzima hadi leo, zimesaidia kutengeneza chanjo na dawa, na makampuni yamepata faida. Familia yake haikujua kwa zaidi ya miaka 20. Kisa hicho tukiweke akilini, kwa maana tutakirudia.

Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilitoa Azimio la Helsinki. Lilipofanyiwa marekebisho mwaka 1975, liliongezwa jambo lililogeuza historia: mpango wa utafiti upelekwe kwanza kwenye kamati huru isiyo ya mtafiti mwenyewe. Hapo ukingo ulipewa walinzi. Tanzania nayo ilijenga. Sheria Na. 23 ya mwaka 1979 iliunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na mwaka 1986 ikaundwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Leo mtafiti wa afya hapaswi kuanza kazi nchini bila kibali cha maadili, na sampuli za damu au seli hazipaswi kutoka nje ya nchi bila mkataba ulioidhinishwa.

Kagera na kina mama wa Dar es Salaam

Mkoa wetu uliijua thamani ya mambo haya mapema. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, walipima damu za watu mkoani. Waligundua kwamba mjini Bukoba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na virusi, na katika kanda 3 za vijijini viwango vilikuwa asilimia 10, asilimia 4.5 na asilimia 0.4. Takwimu hizo zilisaidia taifa kuamka. Lakini tukumbuke pia kwamba waliotoa damu ile hawakuwa na dawa ya kungojea. Serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali mwaka 2004, miaka 17 baadaye. Watu wa Kagera walitoa kabla ya kupokea, na wengi hawakuishi hadi siku ya kupokea.

Kisha likaja suala la mtoto aliye tumboni. Mwaka 1994 ilithibitishwa Marekani na Ufaransa kwamba dawa ya AZT, ikitolewa kwa mama mjamzito na kisha kwa mtoto, hupunguza maambukizi kwa mtoto kwa theluthi mbili hivi. Lakini matibabu yale yalikuwa marefu na ya gharama kubwa kupita uwezo wa nchi zetu. Watafiti wakataka kujua kama dozi fupi na nafuu ingefaa. Miongoni mwa tafiti hizo mmoja ulifanyika Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban, ukihusisha kina mama karibu 1,800. Baadhi yao walipewa dawa, na wengine walipewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, ili matokeo yalinganishwe.

Septemba 1997 madaktari wa Marekani Peter Lurie na Sidney Wolfe waliandika katika jarida maarufu la tiba kwamba tafiti za namna hiyo ni dhambi ya kitaaluma: mama wa Marekani hangepewa kidonge kitupu wakati dawa inajulikana, kwa nini basi mama wa Afrika apewe? Wengine walijibu kwamba katika nchi zetu kina mama hawakuwa wakipata dawa yoyote, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa kitu, na kwamba njia ile ingeleta jibu haraka. Daktari Edward Mbidde wa Uganda alikataa kusemewa na watu wa mbali, akisisitiza kwamba utafiti uliofanyika Uganda ulikuwa wa Waganda wenyewe, kwa ajili ya watu wao.

Februari 1998 matokeo kutoka Thailand yalionyesha kwamba dozi fupi ya AZT hupunguza maambukizi kwa nusu, na vidonge vitupu vikasimamishwa. Utafiti wa Dar es Salaam na miji ile mingine ulipochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba katika wiki ya 6 watoto walioambukizwa walikuwa asilimia 15.3 kwa kina mama waliopewa vidonge vitupu, na asilimia 5.7 kwa waliopata dawa kwa kipindi kirefu zaidi. Nyuma ya tofauti hiyo kuna watoto wenye majina.

Tusiwahukumu watafiti wale kwa wepesi. Wengi wao walikuwa wakipigania watoto wetu, na maarifa waliyoyapata yameokoa wengi. Lakini ukisoma mabishano yale, unasikia sauti za maprofesa, maafisa na wahariri. Sauti ya mama mwenyewe husikiki. Na ikiwa mama mwenye kinywa hakusikika, itakuwaje kwa yule asiye na kinywa kabisa?

Mpaka wa siku 14

Swali hilo lilikuwa limeulizwa Uingereza miaka mingi kabla. Tarehe 25 Julai 1978 alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili wa mama. Njia hiyo imefika kwetu pia. Watoto wa kwanza wa namna hiyo walizaliwa Uganda mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006. Lakini viinitete vikishakuwapo maabarani, je, vyaweza kufanyiwa utafiti, na hadi lini?

Mwaka 1982 serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya mwanafalsafa Mary Warnock. Ndani yake hawakuketi wanasayansi peke yao. Alikuwamo mwanasheria, na alikuwamo padri wa Kianglikana, Anthony Dyson, mwalimu wa theolojia. Mwaka 1984 kamati ilipendekeza kwamba kiinitete kisikuzwe maabarani kupita siku 14. Sababu ilikuwa hii: karibu na siku ya 15 unatokea mstari wa kwanza wa mwili, na baada ya hapo kiinitete hakiwezi tena kugawanyika kuwa mapacha. Wajumbe 3 waliandika kwamba hawakubaliani, kwamba kiinitete kisitumiwe kwa utafiti hata siku moja. Msimamo huo unakaribiana na ule wa Kanisa Katoliki, uliotolewa rasmi mwaka 1987 na kurudiwa mwaka 2008, kwamba uhai wa mwanadamu uheshimiwe tangu kutungwa mimba. Bunge la Uingereza liliupitisha mpaka wa siku 14 kuwa sheria mwaka 1990, na nchi nyingi zikauiga.

Hata tusipokubaliana na mpaka wenyewe, tuone namna ulivyowekwa. Ulijengwa hadharani, baada ya kusikiliza watu wa imani na wasio na imani, na wakati ule hakuna mwanasayansi aliyeweza kukikuza kiinitete hadi siku ya 14. Maabara zilikaribia siku hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 ukingo ulitangulia anguko. Ni moja ya mara chache katika historia yote hii.

Kitu kipya, kisicho na siku ya kuzaliwa

Sasa ukingo huo umepata mwanya. Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka aligundua jinsi ya kuirudisha seli ya kawaida ya panya, kama ya ngozi, kuwa seli shina, na mwaka uliofuata ikawezekana kwa seli za binadamu. Machi 2021 makundi mawili, moja la Texas na moja la Melbourne, yalitangaza kwamba yametengeneza mifano inayofanana na kiinitete cha binadamu cha siku 5 hivi. Lile la Melbourne lilianzia kwenye seli za ngozi. Mwaka 2022 mifano ya viinitete vya panya ilikuzwa hadi ikawa na moyo unaodunda. Mwaka 2023 kundi la Jacob Hanna nchini Israeli lilionyesha mfano wa kibinadamu unaofanana na kiinitete cha siku 14, ukitoa homoni za kutosha kugeuza kipimo cha mimba. Mwaka huo huo wanasayansi wa China waliweka mifano ya viinitete vya kima katika matumbo ya kima. Dalili za mimba zilionekana, kisha zikatoweka.

Shida ya mlinzi ni hii. Siku 14 zinahesabiwa tangu yai kurutubishwa. Mfano huu haukurutubishwa. Siku yake ya kwanza ni ipi? Yawezekana leo ukafanana na kiinitete cha siku 5, na baada ya siku 4 ukafanana na cha siku 14. Sheria nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya viinitete hazikuwaza kitu cha namna hii. Australia iliamua kwamba ile mifano ya Melbourne ihesabiwe kuwa viinitete mbele ya sheria. Uingereza mwaka 2024 ilipata mwongozo wa kamati ya kuisimamia mifano hiyo, lakini ni mwongozo wa hiari, si sheria. Chama cha kimataifa cha watafiti wa seli shina kimekataza kuweka mfano wa kibinadamu katika tumbo la mwanamke au la mnyama, na mwaka 2025 kiliongeza katazo la kuukuza maabarani hadi kufikia kiwango cha kuweza kuishi. Makatazo haya ni mema. Ila yametungwa na watafiti wenyewe, kwa ajili ya watafiti wenyewe.

Na sasa turudi kwa Henrietta Lacks. Mfano wa kiinitete hauhitaji wazazi wawili wanaotaka mtoto. Unahitaji seli, na seli zaweza kutoka kwenye kipande kidogo cha ngozi au kwenye damu ya mtu yeyote. Mtu wa Kaniha anayetia dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa, akiruhusu sampuli yake itumike kwa utafiti wa baadaye, anapaswa kujua kwamba siku hizi baadaye hiyo ni pana kuliko alivyodhani mama yake mwaka 1987.

Wajibu wetu

Je, mfano wa kiinitete ni mtu? Maandiko hayautaji. Zaburi ya 139 inamsifu Mungu anayemwona mtu kabla hajakamilika, lakini mtunga zaburi aliwaza tumbo la mama, hakuwaza chombo cha maabara. Wanasayansi wenyewe wanasema mifano ya sasa ina kasoro nyingi, na hakuna aliyeonyesha kwamba yaweza kuwa mtoto. Kusema kwa uhakika kwamba ni mtu ni kuzidisha. Kusema kwa uhakika kwamba ni kitu tu, kama kipande cha ngozi, ni kuzidisha pia, na kila mwaka unaopita unaifanya kauli hiyo kuwa ngumu zaidi.

Hapo ndipo agizo la dari linatusaidia. Mwenye nyumba hakujua nani angepanda darini. Hakungoja kujua. Shaka yenyewe ilitosha kumlazimu kujenga. Kadhalika sisi: pale ambapo hatujui kama tunashika uhai wa mwanadamu, kutojua kwetu hakutupi ruhusa ya kufanya lolote. Kunatudai ukingo.

Lakini agizo halikufunga dari. Kuna kina mama katika sharika zetu waliopoteza mimba mara 2, mara 3, na hakuna daktari aliyeweza kuwaambia kwa nini. Wiki za mwanzo za mimba ni giza kwa tiba, na mifano hii yaweza kuliangaza giza hilo bila kugusa kiinitete chenyewe. Kanisa likipiga marufuku kila kitu, litakuwa limewageuzia kisogo kina mama hao kwa jina la kuwatetea watoto wao.

Wajibu wetu basi ni wa aina tatu. Kwanza, tuulize. Anapokuja mtafiti kijijini au hospitalini, Mkristo asione aibu kuuliza: sampuli yangu inakwenda wapi, itatumika kwa nini, itatunzwa miaka mingapi, naweza kuikataza baadaye? Mchungaji na mzee wa kanisa wawafundishe watu kwamba kuuliza si ukosefu wa adabu mbele ya daktari.

Pili, tuketi. Miongozo ya kimataifa inataka kamati za maadili ziwe pia na wanajamii, si wataalamu pekee. Anthony Dyson aliketi. Kanisa linaloendesha hospitali na vyuo nchini mwetu liandae watu wake, wanaume kwa wanawake, waelewe mambo haya kiasi cha kuweza kuuliza swali zito katika kikao, na kulirudia lisipojibiwa.

Tatu, tuombe sheria mapema. Mifano ya viinitete yaweza kuonekana kuwa mbali na nchi yetu. Mwaka 1978 Louise Brown naye alionekana kuwa mbali, na miaka 26 baadaye jambo lile lilikuwa Kampala. Wabunge wetu, NIMR na Wizara ya Afya wanaweza kuamua leo, kwa utulivu, mambo ambayo yakija kwa ghafla yataamuliwa kwa hofu au kwa fedha.

Wagonjwa wa Sese walipata ukingo wakiwa wamekwisha kupofuka. Kina mama wa Dar es Salaam waliupata katikati ya safari. Safari hii bado kuna muda, na mafundi wa kujenga tunao.